Siku yaya alipogawa kafi lake

Wakubwa mnaonisikiliza, salamu. Nasema niliyoyaona mwenyewe hapa Kindu, bila kutia chumvi.

Kaka yangu mkubwa, ninayemwita yaya Ramazani, ni mvushaji. Huvusha kwa mtumbwi misafara ya biashara ya Waungwana na watu wa sokoni, kutoka huku hadi Alunguli, ng'ambo ya mto.

Mwaka mmoja alibadilika. Halali, hachoki. Akitoka mtoni anafyeka shamba la mpunga la kutosha kijiji kizima, huku maneno yanamtoka mbio.

Tukamsifu: "Huyu njo mwanaume, ndiye hasa!"

Hapo tulikosea, wakubwa. Ule ulikuwa ugonjwa wa akili, umempandisha.

Kisha ukamshusha chini. Akajilaza siku nyingi, hali, haongei. Mimi sikutulia: naenda, narudi, nachungulia mlangoni, naenda tena.

Asubuhi moja akaamka mtulivu, akaoga. Akamwita jirani yetu Saidi, akampa kafi lake.

"Amepona!" mkewe Zena akashangilia. "Ona, hata roho imekuwa nyeupe."

Lakini sisi watu wa mto, kafi hukatwa kwa kimo cha mwenyewe. Haliazimwi. Muntu akiligawa, hana safari tena.

Nikaenda kwake. Zena akanivuta mkono: "Wifi, usimuulize, utamtia wazo!"

Nikauliza: "Yaya, unataka kujiua?"

Akasema: "Wewe njo wa kwanza kuuliza. Nimechoka, mudogo wangu." Akalia sana.

Sikumkemea. Sikumwambia ni aibu. Wazo lilikuwamo tayari; mimi nilimpa tu mahali pa kulitua.

Tukakaa naye kwa zamu, mimi, Zena na Saidi. Tukaondoa nyumbani kila cha kumdhuru.

Siku ya tatu Saidi akarudisha kafi: "Chukua muti wako, twiga wee! Umenizidi kimo, mgongo wote unaniuma."

Yaya akacheka kidogo tu. Zena akageuka ukutani, akifuta macho.

Ugonjwa haujaisha, sitawadanganya. Hupanda, hushuka. Lakini leo yuko mtoni, na akikosa usingizi siku mbili tunajua, tunasogea karibu.

Kama kwenu yuko wa hivyo, semeni hapa, msione haya.

Na ukimwona aliyekuwa chini ametulia ghafla, anagawa vitu asivyoweza kuachana navyo, usishangilie kwanza. Muulize wazi kama anataka kufa, kaa naye, na umwite mwingine akusaidie.