Siku Luka Alipoita Mama Kwenye Foleni ya Sukari

Jamani, hili nalisimulia uso nimeuinamisha, maana mpaka leo nikipita Kariakoo naona kama kuna mtu bado ananicheka.

Nilikuwa yaya wa Luka, mtoto wa Madamu, Mfaransa aliyekaa ghorofani karibu na Msimbazi, kazi yake kuchunguza watoto wachanga wanavyoanza kusema (hata sauti ya Luka mwenyewe akiinasa kwenye tepu kila siku). Mwanangu wa pekee, Rehema, nilikuwa nimemzika mwaka ule ule, malaria ilimchukua hata jino hajaota. Basi asubuhi moja Luka akanitazama machoni, "ma-ma-maaa!", nami badala ya kumwambia mama yake nikambeba mbio mpaka duka la ushirika, kwenye foleni ya sukari, maana siku zile ukitaka watu unawakuta huko, nikatangaza, "Ananiita mama!"

Wanawake wakanizunguka. "Haya, aite tusikie," akasema shoga yangu Zuhura. Luka akaita. Nikalia kwa furaha, nikajifuta kwa khanga, nikasahau kabisa kwamba mtoto si wangu. Kumbe mwenzangu bado anaendelea: akaugeukia mzani, "ma-ma-maaa", akamgeukia muuza duka, mzee mwenye ndevu mpaka kifuani, akamwita vile vile huku anamnyooshea mikono. Foleni nzima ikaangua kicheko. "Mzee, kumbe umejifungua!"

Ndipo nikamwona Madamu anakuja, anahema, katutafuta mtaa mzima (sikuaga!). Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Hiyo si neno bado, Mwanaidi. Anacheza na mdomo. Zamani alisema aaa tu. Sasa anafunga midomo, anafungua, inakuwa ma. Ya mwisho anaivuta, sikia, kama sisi Wafaransa tukisema."

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nikasema, mbele ya watu wote, "Wangu aliishia kwenye aaa."

Kicheko kikakatika. Madamu hakuwa anajua kama niliwahi kuzaa. Akanitazama, macho yakamjaa machozi. Tukarudi, yeye mbele na mtoto, mimi nyuma mikono mitupu, hata sukari sikuipata.

Hakunifukuza. Lakini nilijiapia, na kiapo sijakivunja: mtoto wa mwenzangu akitamka mama nikiwa nimempakata, namgeuza amtazame mama yake.