Tepu Nyekundu kwenye Dumu la Dawa ya Choo

Maneno yalianzia kwenye ngazi za nyuma, pale watu wa usafi wanapokaa kupumzisha miguu. Ati kwenye jengo la jirani kuna mama alijifungia chooni, akamimina dawa mbili kwenye ndoo moja ili amalize haraka, na hakutoka kwa miguu yake. Mmoja alisema alizimia tu. Mwingine akasema wamemzika Jumamosi. Jina lake hakuna aliyelijua, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha.

Wengine walisikitika, wakainuka na ndoo zao. Mama mmoja alibaki amekaa. Jumatatu iliyokuwa inakuja, binti yake wa kwanza, miaka kumi na tisa, alikuwa anaanza kazi hiyohiyo kwenye jengo la ghorofa tisa.

Sasa binti ameshaanza kazi, na ni saa sita mchana. Mama huyo, ambaye wenzake wanamwita Mwalimu wa Ndoo, amechutama kwenye stoo isiyo na dirisha, anakata tepu kwa meno. Nyekundu, njano, kijani. Anageuza dumu la dawa, anafuata maandishi ya Kiingereza kwa kidole, taratibu, kama anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"'Must' ni nyekundu," anasema bila kuinua kichwa. "Hapo hakuna mjadala. 'Should' ni njano: fanya, ni kwa faida yako. 'Can' ni kijani, inawezekana, ukitaka."

"Mume wangu basi ni njano," anasema mwenzake anayekamua tambara.

"Wako hata tepu sina."

Wanacheka mpaka mlinzi anachungulia.

"Na 'may'?" anauliza mwenzake.

"Hiyo ina mambo. Shuleni tuliitumia kuombea ruhusa. Kwenye dumu inakwambia kitu hiki huenda kikakudhuru. Nikiona kifua au macho yametajwa hapo karibu, nabandika nyekundu, simwulizi mtu."

Ana miaka kumi na moja kwenye kazi hii. Vyoo kumi na vinane kila siku, ghorofa tano. Shule yake iliishia darasa la saba, na Kiingereza alichotoka nacho kilikuwa cha salamu. Kwa miaka minne ya mwanzo alimimina dawa asizozijua. Akikohoa, alilaumu vumbi.

Aliyemfungua macho ni binti yake huyohuyo. Alikuwa darasa la sita, akaleta kazi ya nyumbani: sentensi ishirini zenye mapengo, jaza "can", "must", "should" au "may". Mama alikaa naye mezani, sufuria ikiwa jikoni, wakajaza pamoja. Walipata kumi na tatu.

"Kesho yake nikaliona lile neno kwenye dumu," anakumbuka. "'Must not.' Nilikuwa nimelala nalo kichwani. Nikasema, kumbe huyu yuko hapa siku zote ananikataza, na mimi namfuta vumbi."

Basi wiki ile ya uvumi, kila jioni binti alikalishwa kwenye kiti cha jikoni, madumu matupu mbele yake.

"Mama, haya mimi ndiye niliyekufundisha," alilalamika.

"Ulinifundisha daftari. Mimi nakufundisha dumu."

Siku ya nne kazini, msimamizi alimpa binti ndoo moja na dawa mbili: ya kung'arisha, ile yenye klorini, na ile ya choo yenye tindikali. Changanya, alimwambia, vyoo vinang'aa upesi. Binti akasema maandishi yanakataza.

"Umekuja kusoma au kusugua?"

"Kusugua, bosi. Lakini hapa wameandika 'must not'. Nisomee wewe, labda nimekosea."

Msimamizi alilishika dumu, akaliangalia kitambo. Kisha akamwambia akafagie ngazi. Ndiyo kazi yake mpaka leo: ngazi za ghorofa tisa, asubuhi na jioni, bila asante.

"Alinipigia analia kwa hasira, magoti yanamuuma," anasema mama. "Nikamwambia, mwanangu, yaache yaume. Goti nitakukanda. Pafu silijui linakandwaje."

Lakini mama bado hajatulia. Vyooni amewekwa msichana mwingine, mgeni, anayesoma kwa shida. Binti amemwachia kipande cha tepu nyekundu na kumwonyesha pa kubandika. Msimamizi hajakitoa.

Mpango wa Mwalimu wa Ndoo ni kuwakusanya watu wa usafi nyumbani kwake kila Jumapili mchana, kila mmoja aje na dumu tupu lililosuuzwa vizuri. Wameahidi saba. Msichana yule mgeni ndiye wa kwanza kuandikwa. Tena mama ameandika karatasi kwa Kiswahili na kumpelekea meneja wa jengo lake, ibandikwe kwenye kila mlango wa stoo. Meneja amesema atafikiria. Wakati anafikiria, mama anawaomba wazazi wenzake waikate hapa gazetini.

Usichanganye dawa ya kung'arisha na dawa ya choo, hata tone.

Usichanganye dawa ya kung'arisha na siki, wala na dawa yenye amonia.

Usitumie maji ya moto kwenye dawa ya kung'arisha.

Usifunge mlango wala dirisha ukiwa unasugua.

Usihamishie dawa kwenye chupa ya soda. Mtoto atainywa.

Usibandue karatasi ya dumu, hata kama huwezi kuisoma. Yuko atakayeisoma.

Ukianza kukohoa, usimalizie. Toka nje upate hewa, ndoo iache hapohapo.

Usimwonee haya msimamizi. Mwambie akusomee.