Siku Niliyosema Kamba

Aliyeniambia kwanza kwamba nyoka hatajwi ni bibi yetu, mzaa baba, huko Kilema. Nilikuwa sijaanza hata shule. Tulikuwa tunamenya ndizi, akasema ukimtaja kwa jina lake anadhani umemwita, naye akiitwa huja.

"Ukimwona, sema kamba. Usiku au mchana, nyumbani au shambani, wewe sema kamba tu."

Nilishika. Nilikuwa mtoto wa kushika maneno ya wakubwa, kwa sababu kusema yangu mwenyewe niliona aibu. Dada yangu Felista hakushika. Yeye alicheka kila kitu.

"Sasa bibi, na kamba yenyewe tuiite nani?"

Bibi alimfukuza na mwiko.

Nilipokuwa na miaka tisa na Felista kumi na mitano, tuliteremka kwenye shamba letu la tambarare kuchukua mabua ya mahindi. Kwetu mlimani ng'ombe hafunguliwi, huletewa chakula zizini, na wanaokibeba mara nyingi ni wanawake. Huko chini kuna joto na vichaka, si kama kwenye migomba. Felista alikata, mimi nikakusanya. Wakati wa kufunga mzigo, kamba haikuonekana.

"Umeiweka wapi, we bubu wangu?"

Nikapandisha mabega.

"Jibu kwa mdomo! Hata mume utamjibu kwa mabega?"

Alipiga magoti, akawa anapekua chini ya lundo huku amenipa mgongo. Ndipo nilipomwona. Alikuwa koboko, rangi ya majivu, mnene kama mpini wa jembe, amejinyoosha kando ya lundo na kichwa kimefichwa na mabua. Mkono wa Felista ulikuwa karibu naye kabisa. Nilikuwa sijawahi kupiga kelele maishani mwangu. Siku hiyo nikapiga.

"Kamba! Dada, kamba! Kushoto kwako!"

"Haya! Leo umesema," akajibu kwa furaha, akapeleka mkono wa kushoto bila kugeuka.

Koboko alimuuma mara mbili, kwenye kiganja na juu ya kiwiko, akapotea kichakani. Tulitembea mpaka barabarani, mimi nikiwa nimemshika kiuno, tukapata pikipiki. Kufikia hapo kope zake zilikuwa zinashuka zenyewe na maneno yanamtoka mazito kama ya mlevi. Aliniambia kitu kimoja tu.

"Mbona hukusema?"

Hospitali hatukuifikia akiwa hai.

Msibani, bibi aliniita mbele ya wanawake waliojaa jikoni. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. "Alimtaja, sivyo? Dada yako alimtaja."

Nilitazama miguu yangu. Wote walikuwa wananisubiri. Nikaitikia kwa kichwa.

"Alipenda mzaha mno," mmoja akasema, na wengine wakaguna. Basi dada yangu akazikwa kwenye migomba kama mtu aliyejiitia kifo chake. Niliyafahamu makosa yangu yote mawili siku ileile, lile la shambani na lile la jikoni. La kwanza nimejaribu kujisamehe, maana nilifanya nilivyofundishwa. La pili nilijifundisha mwenyewe.

Bibi simchukii. Alitupa alichopewa na mama yake, akiamini anatukinga. Nadhani hata lile swali aliuliza kwa sababu alihitaji kifo kile kiwe na sababu, nami nikampa.

Sasa naishi Soweto, Moshi mjini, nina binti wa miaka minne niliyempa jina la dada. Krismasi iliyopita tulipanda Kilema. Bibi haoni vizuri siku hizi. Jioni alimpakata Felista wangu, akamwambia kwa upole, "Usimtaje kamwe. Sema kamba. Mama yako mkubwa alimtaja, ndiyo maana amelala pale nje."

"Kamba," mtoto akarudia, kwa sauti ndogo kama yangu.

Nilisimama na sahani mkononi, nikatazama miguu yangu. Nilikuwa bado na miaka tisa.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea bibi uji, mtoto nimemshika mkono.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mama."

"Bibi, dada hakumtaja. Mimi ndiye niliyesema kamba. Naye alikuwa anatafuta kamba ya mzigo."

Alishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Sema tena," akaniambia. "Sauti yako haifiki."

Nikafungua mlango unaotazama migomba, nikasema tena yote, kwa nguvu, na mara hii nikasema nyoka.