Nilivyoenda Kumpeleleza Fundi Mwenzangu

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule hapa Ndanai, na aibu hii nilijitakia mwenyewe. Wateja wangu walikuwa wakihamia kwa Akinyi, fundi mgeni aliyefungua duka upande wa pili wa soko. Halafu kwenye semina ya biashara kanisani tukaambiwa, "Mjue mshindani wako." Nikaona hiyo ni kazi rahisi.

Siku ya soko nikaacha cherehani, nikajifunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi, nikavaa miwani ya mama mkwe. Nilienda nikijikwaa njia nzima kwa sababu sikuona vizuri.

"Karibu mama," Akinyi akasema.

"Natoka Mulot," nikadanganya. "Nataka sare za watoto watatu. Zitakuwa tayari lini?"

"Ijumaa. Nikichelewa, nitakupigia simu kabla hujapanda gari."

Hapo nikachomwa moyoni. Mimi nikichelewa huwa nazima simu.

"Na yule fundi wa ng'ambo ya soko, mbona hukuenda kwake?" akauliza.

Nikashindwa kujizuia. "Huyo? Huyo ni fundi hodari! Mshono wake haufumuki hata mtoto apande miti!"

"Ni kweli, ananishinda kwa mshono," akasema. "Watu wanalalamika tu kwamba hatimizi ahadi."

Nikamshukuru haraka, nikageuka niondoke.

"Asante kwa kunitembelea, fundi," akaniita huku akicheka. "Lakini tepu yako ya kupimia bado iko shingoni."