Kibende cha Yustina

Mwanangu, ipo siku moja ambayo haijanitoka hata leo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, na nilimfanya mtoto wa kaka yangu anyamaze. Kaa kidogo nikusimulie, maana jana nilikusikia ukimcheka mwenzako anavyosema Kibende.

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi cherehani Mpanda mjini. Sisi ni Wabende, mkewe Mfipa, kwa hiyo nyumbani kwao wakawa wanaongea Kiswahili. Likizo moja akamleta binti yake Yustina, wa miaka kumi, akae na bibi yake huku Kasekese. Bibi yake ndiye mama yangu. Alikuwa haoni tena, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia tu.

Yustina maneno ya Kibende alikuwa nayo, baba yake alimsemesha tangu mchanga. Kilichomshinda ni kuyaunganisha. Kila kitu alikitaja kama mtu. Ni sawasawa na mtu akuambie kwa Kiswahili, "Mihogo ameiva, kuni amelowa, nyumba anavuja." Mama alimwelewa vizuri kabisa. Akiambiwa mihogo ameiva, anajibu taratibu, "Imeiva? Haya, ilete tuile." Maongezi yanaendelea.

Mimi nikaona kichekesho. Majirani walipokuja kutusaidia kupukuchua mahindi, nikamwigiza mbele yao. Mtungi, sufuria, jembe, vyote nikavifanya watu. Walicheka mpaka wakafuta machozi, na mimi, nakiri, nikajiona mjanja. Yustina aliendelea kupukuchua bila kuinua kichwa.

Tangu hapo hakusema Kibende tena. Akitumwa anakwenda, akirudi anaweka kitu chini na kukaa kimya. Siku ya tatu, mchana, alikuwa anachambua maharage hatua moja tu kutoka kwenye mkeka wa bibi yake. Mama akageuza uso upande wangu akauliza, "Kaka yako alikuja lini kumchukua mtoto? Mbona hakuniaga?"

Nikamweleza ukweli wote.

Hakunigombeza. Alisema, "Sesilia, mimi simwoni. Nilikuwa namjua kwa maneno yake. Umeninyang'anya mtoto." Kisha akauliza, "Wewe ulipokwenda Mpanda ukasema 'kitambaa hii', mwenye duka alikufukuza?"

"Hapana, mama. Alinipa kitambaa."

Wakati huo Yustina alikuwa ameinuka, ameingia jikoni. Nikamfuata, nikachuchumaa mbele yake. "Yustina, nimekukosea. Bibi yako anadhani umeondoka."

"Shangazi, nikisema utacheka."

"Sitacheka. Na mwingine akicheka, nitamtoa nje mimi mwenyewe."

Alifikiri sana. Nilianza kuogopa kwamba nimechelewa. Kisha akatoka, akasimama mbele ya mkeka, akasema kwa Kibende, kwa sauti ndogo, "Bibi, maharage amekwisha."

Mama akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akalipata bega lake. "Yamekwisha? Basi njoo tukae."

Niliketi kizingitini nikahema kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mpaka likizo inaisha, wale wawili hawakuishiwa maneno.

Yustina sasa ni mama mtu mzima. Hunipigia simu kutoka Mpanda, tunaongea Kibende, na bado mara mojamoja kitu kinageuka mtu. Namwelewa. Wanawe wako pembeni wanasikiliza, nao wanaokota maneno.

Kwa hiyo, mwanangu, anayejaribu lugha ya kwao usimcheke. Mjibu alichosema, na umrudishie neno lake likiwa limenyooka, kama mama alivyofanya. Na mwambie huyo mwenzako asione aibu, aseme hivyohivyo. Sisi wazee wenu tunaona heri nyie mkosee tuwasikie kuliko mnyamaze. Mungu akupe masikio ya upole, akupe na ulimi usioogopa, na nyumba utakayoijenga isikose watu wa kuongea nao.