Mapokezi Yaliyohamia Nyumbani

Kwa miaka kumi na saba, Jecinta Wangechi ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuonwa na kila aliyepanda ngazi za ofisi ya bima ya mifugo mjini Kericho. Alizaliwa mjini humo, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake aliyehamia kutoka Murang'a, na Kikipsigis alikijua tangu kucheza barabarani na watoto wa majirani. Aliajiriwa kwa ajili ya hicho Kikipsigis. Wafugaji walifika na fomu, na barua ya daktari wa mifugo, na mara nyingi na sikio la ng'ombe aliyekufa, limetiwa chumvi, hereni yenye nambari ikiwa bado imeshika. Kampuni ilitaka kuona hereni. Jecinta aliweka beseni la bluu chini ya meza kwa kazi hiyo.

Korona ilipoingia, wenzake walibeba kompyuta wakaenda nyumbani. Yeye aliambiwa abaki. Alikaa peke yake karibu miaka miwili, barakoa usoni, akifungua mlango saa mbili na kuufunga saa kumi na moja. Ugonjwa ulipotulia, wenzake hawakurudi. Kampuni iliona kazi inakwenda bila wao kuwepo, ikaachia chumba kimoja, halafu viwili. Mwanzoni mwa mwaka wa 2023 ikaachia na mapokezi, na daktari wa meno akahamia pale. Wateja waliambiwa watume picha kwa simu. Jecinta alipewa kompyuta na hedifoni, akaambiwa atakuwa akipokea simu za wateja akiwa nyumbani kwake.

Nyumbani kwake kulikuwa na karakana. Mume wake, Chege, alikuwa seremala, na msumeno wake wa stima ulikuwa hatua sita kutoka dirisha la sebule. Wiki ya kwanza, mteja mmoja alimuuliza kama yuko kwenye mashine ya kusaga mahindi. Simu zote zilirekodiwa na kusikilizwa na msimamizi aliyeitwa Caren, aliyekuwa Nairobi, ambaye Jecinta alimjua kwa uso wa kwenye kioo cha kompyuta tu, kwenye mkutano wa kila Jumanne asubuhi.

"Jecinta, hiyo kelele imezidi," Caren alimwambia mwezi wa pili. "Alama zako zinashuka. Tafuta mahali patulivu."

Jioni alimwambia mume wake.

"Baba Njenga, hii kazi yangu sasa ni ya sauti."

"Na yangu ni ya kelele," Chege alijibu. "Na ilikuwa hapa kwanza."

Hawakugombana. Walikubaliana msumeno uwashwe saa sita hadi saa nane, na tena baada ya saa kumi na moja. Asubuhi Chege alipiga randa na kusugua kwa msasa. Wateja wawili waliotaka vitanda vya haraka walikwenda kwa fundi mwingine. Chege alilitaja jambo hilo mara moja tu, hakulirudia.

Siku moja ya Jumanne, mkutano ukiendelea, mtu alibisha mlango wa sebule. Jecinta alizima kipaza sauti akafungua. Alikuwa mzee mrefu, koti limeloa umande, mfuko wa nailoni mkononi.

"Chamgei, mama," alisalimu. "Mimi naitwa Kipsang. Nimetoka Siongiroi. Nilienda ofisi, nikakuta watu wanang'olewa meno. Ni fundi wa viatu pale chini amenionyesha kwako."

"Karibu, mzee. Lakini siku hizi tunatuma picha."

"Nimetuma. Mara tano. Hii simu inasema picha haionekani. Ng'ombe alikufa na ugonjwa ya kupe, tukazika. Sasa nipige picha gani nyingine?" Aliufungua mfuko. "Nimekuja na sikio."

Jecinta alilitazama. Lilikuwa limetiwa chumvi vizuri, kama zamani. Nambari ya hereni ilisomeka yote. Alijua kwamba akimrudisha, mzee atatuma picha mara ya sita, na mashine itakataa mara ya sita. Alijua pia kwamba sheria mpya zilikataza kupokea wateja nyumbani. Alikuwa amezitia sahihi mwenyewe. Alimwonyesha mzee kiti. Kisha alilichukua sikio, akaketi, akawasha kipaza sauti, akaliinua mbele ya kamera.

Nyuso kumi na moja zilisogea karibu na kamera zao.

"Jecinta," Caren alisema, "hiyo ni nini?"

"Ni sikio la ng'ombe, madam. Mwenyewe yuko hapa. Amekataliwa mara tano. Naomba mtu mmoja aandike hii nambari."

Mtu fulani alicheka, akazima kipaza sauti chake. Caren hakucheka. Aliandika nambari.

Kipsang alilipwa mwezi uliofuata. Jecinta naye alipata barua ya onyo, akaijibu kwa mistari mitatu kwamba ameelewa. Lakini Kipsang alikuwa amerudi Siongiroi na habari zake, na kabla ya mwezi kuisha walikuja wengine wanne. Jecinta aliongea nao langoni, wamesimama, ili isemekane hawakuingia. Chege ndiye aliyechoka kwanza.

"Mama Njenga, wapeleke hawa watu mahali pengine. Hapa si ofisi, na pia si karakana tena. Sijui ni nini."

Hapo ndipo Jecinta alipomwandikia Caren akiomba awe akienda Siongiroi siku ya soko, akae kwenye benchi nje ya duka la dawa za mifugo, apige picha mwenyewe. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba Caren atakuja kuona.

Alikuja mwezi wa nane, na dereva. Jecinta alishangaa kuona ni mfupi, na kwamba ni mjamzito. Kwenye kioo mtu huishia mabegani. Ndipo alipojua pia kwamba Caren alizaliwa Nairobi na wazazi Wakipsigis wa Bomet, na hakujua Kikipsigis. Wazee wa Siongiroi walipomsalimu sokoni na kumuuliza ukoo wake, alitabasamu tu, na Jecinta, binti wa Murang'a, akamtafsiria.

Walikaa kwenye benchi hadi saa tisa. Watu kumi na wanane walihudumiwa. Katikati, Caren aliuliza kwa sauti ya chini:

"Huwa wanakuja hivi kila mara?"

"Zamani walikuja kila siku. Wewe hujawahi kuwaona?"

"Mimi niliajiriwa wakati wa korona," Caren alisema. "Sijawahi kuona mteja."

Jecinta akamsogezea chupa ya mursik, maziwa ya mgando waliyoletewa na wazee.

Siongiroi ilikubaliwa kwa majaribio ya miezi sita, siku mbili kwa mwezi, nauli juu ya Jecinta. Miezi sita ilipoisha hakuna aliyeandika kusema aendelee, wala asiendelee. Bado anakwenda. Siku hizo mbili, Chege huwasha msumeno tangu saa moja asubuhi.