Ufunguo Ulikuwa Mfukoni Mwangu

Jamani, kosa ni langu. Msinitafutie sababu. Nimeshajitafutia za kutosha, zote zimenikataa.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na kitu, naishi Mathare. Ugonjwa wangu ni mmoja: miguu haitulii. Nikikumbuka Kaloleni, mtaa nilikozaliwa, naweza kuacha chai mezani nikaenda kwa miguu kuangalia tu nyumba zetu za zamani. Sina mtu wangu huko siku hizi. Naangalia, narudi.

Karibu na kwangu kuna ukumbi ambamo watu wazima hufundishwa kazi za mikono. Mimi nilisomea kuchomelea vyuma, nikafaulu, nikapata cheti. Kazi yetu ya kwanza darasani ilikuwa kisanduku cha chuma cha kufunika kufuli la mlango wa ukumbi, ili mwizi asilifikie kwa nyundo wala msumeno. Nilikichomelea mimi. Nilijivuna sana! Na kwa kuwa naishi karibu, mwalimu akaniachia ufunguo, uliokuwa mmoja tu, niwe nafungua kila asubuhi.

Darasa la ushonaji lilikuwa la akina mama. Mmoja wao ni jirani yangu, Mama Beryl, aliyefua nguo za watu Buruburu miaka mingi. Kiwanda fulani kilikuwa kimemwekea nafasi ya kushona, mradi apeleke cheti kabla ya mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni mtahini kuja kumwona akishona kwa cherehani ya ukumbini mbele yake.

Jioni ya kuamkia mtihani alinipigia hodi.

"Baba Shiro, kesho usituletee mchezo. Mtihani ni saa tatu, utufungulie saa mbili kamili."

"Mama, utanikuta mlangoni nimesimama kama askari."

Akacheka. Aliniamini!

Asubuhi niliamka mapema mno. Nikasema nitembee kidogo kwanza. Watahini nawajua, wakisema saa tatu ni saa tano. Simu nikaiacha kwa kinyozi ipate chaji. Miguu ikanipeleka Kaloleni.

Huko nikamkuta Odush, tuliyecheza naye mpira utotoni, ameketi na drafti yake ya vifuniko vya soda.

"Haiya! Na huyu bado yuko hai? Keti nikufunge moja uende."

Moja ikawa tano. Tukawataja waliohama, tukawataja waliokufa, tukabishana nani alivunja kioo cha kanisa. Nilipotia mkono mfukoni kutafuta leso, nikagusa ufunguo.

Mungu wangu!

Nilikimbia hadi kifua kikaniuma. Nilifika saa tano. Akina mama walikuwa wameketi chini, migongo ukutani. Mtahini alifika kabla ya saa tatu, akangoja, akatazama saa, akaenda kituo kingine. Walijaribu kuvunja kufuli, hawakulifikia.

"Kazi yako ni safi, Baba Shiro," mmoja akaniambia. "Tumeligonga hilo sanduku hadi mpini wa nyundo umevunjika."

Wakacheka, kicheko kibaya. Mama Beryl hakucheka. Kitambaa chake cha mtihani, kimepigwa pasi, kilikuwa mapajani.

"Ulikuwa wapi?"

"Kaloleni."

"Kuna nini Kaloleni?"

 Swali hilo najiuliza mpaka leo.

Nilimwomba mwalimu amsihi mtahini arudi. Akaambiwa wasubiri msimu ujao wa mitihani. Nilikwenda hadi lango la kiwanda kueleza kwamba kosa halikuwa la yule mama. Askari akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema jirani. Akafunga lango.

Msimu ulipofika, ile nafasi ilikuwa na mtu tayari, na Mama Beryl hakurudi darasani. Kila asubuhi nasikia mlango wake ukifunguka anapotoka kwenda kufua. Tukikutana, ananisalimia vizuri tu: "Habari ya asubuhi, Baba Shiro." Laiti angenitukana! Na cheti changu kiko ukutani, siwezi kukitazama.

Ewe unayesoma, ukikabidhiwa mlango wa watu, kaa karibu nao. Na kama unajijua miguu yako ni ya kutangatanga, kataa ufunguo mchana kweupe, mbele ya wote. Ni aibu ya siku moja tu.

Ukumbini walibadilisha kufuli wiki ileile. Ule ufunguo wa zamani ninao bado. Hakuna aliyekuja kunidai.